Fundi wa Saa Saba Mchana

“Aliyekuwa hapa kabla yetu alihamia wapi?”

Binti aliuliza hivyo akiwa mlangoni mwa ghala, na wanaume wawili waliomsikia hawakumjibu. Dalali alitoa simu mfukoni akaiweka sikioni, simu ambayo haikuwa imeita. Baba yake alikuwa ameshaingia ndani, amepiga magoti, anapapasa sakafu ya saruji kama mtu anayechagua kitambaa cha suti.

“Gari litaingia,” baba alisema. “Mlango unafunguka wote. Hata jeki itapata pa kusimama.”

“Baba, nimeuliza swali.”

“Wakili, mwanangu, hapa si mahakamani.”

Wakili ndilo jina alilopewa nyumbani, kwa sababu ya mdomo. Chuoni alikuwa msemaji wa kwanza wa timu ya mdahalo, na hakuna kilichomkera kama mtu kuruka swali. Lakini siku ile kodi ilikuwa imeshamfumba baba macho. Ilikuwa nusu ya kodi ya ghala la jirani, la kuuzia mbao, lenye ukubwa uleule. Miezi mitatu mbele, umeme juu yako, kufuli juu yako, grisi ya mlango wa bati juu yako, na bado ilikuwa nusu. Mtu mzima na akili zake, aliyekuwa karani kwa miaka thelathini, hakujiuliza nusu nyingine inalipwa na nani.

Shida yenyewe ilikuwa ya kweli. Mwenye nyumba waliyopanga alikuwa amepiga marufuku kutengeneza magari uani tangu oili iliporukia mashuka ya watu. Na baba alikuwa amewachoka mafundi wa barabarani. Unapeleka gari lina plagi nzima, linarudi na plagi za marehemu. Baada ya kustaafu aliapa kwamba gari lake atalihudumia mwenyewe, na kwamba hata siku akimwita fundi, atamdai kila kilichotolewa. “Cha zamani ni changu,” alipenda kusema. “Nikione kwa macho.”

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Baba hakuwa mtu wa kununua hata chumvi bila kuandika. Asubuhi aliorodhesha kazi za gari kwenye karatasi, akaibana chini ya waipa ili akirudi ajue alipoishia. Plagi. Breki. Taa ya kushoto. Saa sita na nusu mchana akafunga mlango, akaenda nyumbani kula, mitaa miwili tu. Aliporudi, boneti lilikuwa juu na neno “plagi” lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, umenyooka kama wa rula. Mbele ya tairi palitandikwa kitambaa safi, na juu yake plagi nne za zamani zimepangwa, zimefutwa.

Ghala lilinuka nywele zilizoungua.

Akampigia binti yake simu. “Umeleta fundi?”

“Fundi gani, baba? Niko darasani.”

“Basi kuna mtu ana ufunguo, na mtu huyo kazi anaijua.” Na hapa ndipo Wakili anapopandwa na hasira mpaka leo: baba alicheka. Angeibiwa plagi angekimbilia polisi. Kwa kuwa amewekewa mpya, alishukuru.

Jioni ile alishindwa kuwasha jiko. Kila njiti ya kiberiti aliyoikwangua ilizimika kabla ya kushika. Mama akachukua kiberiti kilekile, kikawaka palepale.

“Mikono imejaa mafuta,” mama alimwambia. “Nenda kaoge, fundi mkuu.”

Alisema kwa sauti yake ile iliyokuwa inafika ghorofa ya nne bila kupanda ngazi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka ishirini ya kuwatuliza watoto sitini kwa mpigo ilimpa koo la tarumbeta, na majirani walijua saa ya kula kwa kumsikia akimwita binti yake: “Wakiliii!”

Siku ya pili lilikatwa neno “breki”. Siku hiyohiyo baba aliteremka ngazi za nyumbani na miguu ikakataa kusimama, ikamshusha ghorofa mbili mbio, anapiga kelele “Nishikeni! Nishikeni!”, mpaka ukuta wa chini ulipompokea kwa paji la uso. Mama alimwekea barafu huku akimtania kwamba uzee wake umekuja kwa mwendo kasi. Walicheka wote watatu. Ndiyo, walicheka.

Siku ya nne, taa ya kushoto ikiwa bado haijaguswa, baba aliongeza neno chini yake. Honi.

Saa saba na dakika kumi mchana, mama alikuwa mbele ya darasa akifundisha kuzidisha. Alifungua mdomo ataje saba mara nane, na hakikutoka kitu. Watoto walidhani ni mchezo, wakacheka. Alipojishika shingo kwa mikono miwili, wakanyamaza wote kwa wakati mmoja. Hospitali walimulika, wakapiga picha, wakasema koo ni zima kabisa, apumzike. Usiku huo mama aliandika kwenye daftari la mwanafunzi: Haliumi. Ni kama kuna kitu kimetolewa.

Kesho yake mchana, mezani, baba hakuwa anakula.

“Sikutaka kusema jana na hali ya mama yako ile,” alimwambia binti yake kwa sauti ya chini. “Honi imefungwa mpya. Ya zamani nimeikuta kwenye kitambaa kama kawaida. Lakini ilikuwa imelowa.”

“Imelowa nini? Mafuta?”

Baba alitazama sahani. “Kama kitu kilichotoka mdomoni.”

Mama alikuwa ameacha kijiko hewani. Wakili alihesabu kimoyomoyo: plagi na kiberiti, breki na ngazi, honi na…

“Baba, leo umeandika nini kwenye ile karatasi?”

“Wakili…”

“Jibu swali, baba. Hili tu, maisha yangu yote sitakuuliza lingine.”

“Pampu,” alinong’ona. “Pampu ya mafuta.” Mkono wake wa kulia ulikuwa unasugua kifua, na mwenyewe hakuwa na habari.

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika saba. Wakili alinyakua ufunguo.

Jua lilikuwa la utosini na mtaa wa maghala ulikuwa umekufa, maana kwenye mbao walikuwa wamezima misumeno wakaenda kula. Kufuli lilikuwa limefungwa kwa nje, kama baba alivyoliacha. Akaweka sikio kwenye bati la moto. Ndani, mtu alikuwa anakaza nati. Kru. Kru. Kru. Kisha akaacha, kama fundi aliyehisi mteja yuko mlangoni.

Wakili alifungua kufuli, akauinua mlango mpaka kiunoni, akainama akaingia, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikamvaa usoni kama kitambaa kibichi, nzito kiasi kwamba alipumua kwa mdomo akaionja, na mwanga wa mchana uliotakiwa kuingia naye ukabaki nje, ukasimama kwenye kizingiti kama umekatazwa, hivi kwamba gari alikuwa analiona kwa mbali ilhali lilikuwa hatua nne tu mbele yake, limeinuliwa juu ya jeki, na chini yake hapakuwa na miguu inayochomoza kama ya fundi yeyote aliyelala chali, palikuwa na giza tu, giza linalosogea, linalojipanga vizuri kama mtu anayetafuta mkao wa kazi.

“Mwanangu,” sauti ikasema kutoka chini ya gari, “nipe spana namba kumi.”

Ilikuwa sauti ya mama yake.

Angekimbia, lakini aliona ile karatasi chini ya waipa, na mstari ulikuwa umeshaanza kulikata neno.

“Hukukubaliana bei na baba,” alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, ya mtoto. “Fundi gani anaanza kazi hamjakubaliana bei?”

Kicheko kikatoka chini, kicheko cha mama, kile cha kutikisa mabega. “Na mwenye gari gani anaona kazi imefanyika asiulize bei?”

Alishawahi kushindwa hoja, lakini si namna hiyo. “Basi cha zamani. Kila ulichokitoa ni chetu. Ndiyo sheria ya kazi yenu. Ulichokitoa kwa mama ni chetu. Tupe.”

Jeki ililia kidogo.

“Hilo ni kweli,” sauti ikasema, taratibu, bila furaha. “Nimekifunga kwenye honi. Aifungue aliyeandika, kwa mkono wake mwenyewe, na kitamrudia mama yako. Mimi nilichofunga sifungui.” Ikapumua. “Haya, mwanangu. Spana. Hii pampu imeshalegea.”

Mkono ukatoka gizani. Ulikuwa na kiungo kimoja zaidi kwenye kila kidole, na ulikuwa safi, kucha safi kabisa, mkono safi kuliko yote aliyowahi kuiona kwenye gereji. Na Wakili akagundua kwamba ameinama, kwamba spana namba kumi iko mkononi mwake, kwamba hakumbuki kuiokota, kwamba mkono wake umenyooka na zimebaki inchi mbili, kwa sababu maisha yake yote sauti ile ikisema “nipe”, yeye hutoa.

Aliitupa spana ukutani, akachomoa karatasi, akatoka akikimbia. Nyuma yake sauti iliita, “Wakiliii!” vilevile, ya kwenda kula.

Nyumbani alimkuta baba sakafuni, mama ameshika kichwa chake, mdomo wa mama wazi kwa ukelele usiokuwepo. Kwenye karatasi, mstari ulikuwa umeishia herufi ya pili ya “pampu”. Daktari alisema moyo umechoka, lakini unapiga. Alilala hospitali siku tisa.

Siku ya kumi walikwenda wote, baba akitembea kwa kusimama kila nguzo ya umeme, spana mfukoni, mama amemshika kiwiko. Kazi ilikuwa moja tu, kufungua honi. Ghala lilikuwa wazi, limefagiliwa, tupu. Dalali alikuwa anamwonyesha mpangaji mpya mahali pa jeki.

“Gari liko wapi?” Wakili aliuliza.

“Dada, soma mkataba.” Alikuwa nao mfukoni. “Ghala lisilokanyagwa na mpangaji siku saba mfululizo limetelekezwa, na vilivyomo ni mali ya mwenye ghala.”

“Limetelekezwa vipi na kodi ya miezi mitatu imelipwa? Mtu alikuwa hospitali!”

“Mimi natumwa tu.”

“Wangapi wameacha vitu vyao humu? Watano? Kumi? Mnajua kilichomo, mnapangisha hivyo hivyo, kisha mnauza magari ya watu waliokimbia. Hiyo ndiyo biashara yenu?”

Dalali alitazama viatu vyake. Mpangaji mpya alikuwa ameanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

“Mnunuzi hakutaka risiti,” dalali alisema mwishoni, kwa sauti ya chini. “Jina sikumwuliza. Alilijaribu, likawaka mara moja, akapiga honi. Nikamwambia ina mchezo ile, ni ya kisasa.” Akamtazama mama, akakwepesha macho haraka. “Inalia kama mwanamke anayemwita mtoto wake.”

Mama alikaa chini palepale kwenye saruji. Walimnyanyua watu wawili.

Ni miezi saba sasa. Mama anafundisha kwa chaki. Watoto sitini wanamsikiliza kwa macho, na wengine wanamcheka. Jioni anakaa dirishani. Magari yakipita hageuki, lakini honi ikilia husimama, anasubiri, kisha anakaa tena.

Gari ni la rangi ya maziwa, milango minne, taa ya kushoto haiwaki. Kama limeegeshwa kwako, wewe unayesikiliza, hakuna anayekuita mwizi, na fedha yako utarudishiwa yote. Usiifungue honi mwenyewe. Lirudishe tu. Tafadhali, lirudishe.