Mlima Alioukosea Mectilda

Siku ya mnada Dongobesh, mwalimu wa hesabu alishindwa hesabu mbele ya watu.

Gari la kampuni ya sabuni lilikuwa limeegeshwa kando ya soko, spika zikiunguruma, na mtangazaji akiuliza maswali ya chemsha bongo. "Kuku watatu wanataga mayai matatu kwa siku tatu! Kuku mia watataga mayai mia kwa siku ngapi?"

"Mia!" Urban alipaza sauti. Alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, na shati la namna hiyo humfanya mtu ajiamini kupita kiasi.

"Tatu," alisema mwanamke nyuma yake. "Kila kuku anahitaji siku tatu kutaga yai moja. Hata wakiwa elfu, siku ni zilezile."

Alikuwa na gauni la kitenge cha njano na sweta la bluu begani. Akakabidhiwa katoni ya sabuni huku wanafunzi wa Urban wakicheka kuliko watu wote.

"Samahani, dada," Urban alisema akimfuata. "Unafundisha wapi?"

"Sifundishi. Ni nesi hapo kituo cha afya, naitwa Mectilda. Na wewe?"

"Urban. Nafundisha sekondari."

"Somo gani?"

Urban alitafuta somo jingine la kutaja, akakosa. "Hesabu."

Mectilda alicheka mpaka akaweka katoni chini. Urban akaibeba hadi kituo cha afya, na njiani akapenda. Hakujitetea wala hakujifanya alikuwa anatania, na jambo hilo Mectilda aliliona.

Simu zikaanza. Kila jioni Urban alipiga akiwa na swali jipya.

"Kipenzi, sikiliza. Baba wawili na watoto wawili wamekwenda kuwinda, wameua sungura watatu, na kila mtu amerudi na sungura wake mzima. Imekuwaje?"

"Babu, baba na mjukuu. Umekula?"

"Hujafikiria hata kidogo!"

"Nimefikiria wakati unameza mate. Umekula, mwalimu wa kuku mia?"

Alishindwa hivyo jioni baada ya jioni, na kila aliposhindwa alilala akitabasamu. Mapenzi hayana akili nyingi, hata kwa mwalimu.

Urban alitaka kupeleka posa kwa kina Mectilda, wakulima wa Masieda. Ila baba yake mwenyewe alishafariki, na bila mama yake kuridhika, hakuna mzee wa ukoo ambaye angenyanyuka kwenda kuposa. Akampigia mama yake kijijini Getanuwas, kule Hanang. "Mama, huyu ana akili kunishinda mimi."

"Basi nije nimwone," alisema mama.

Alifika siku ya bonanza la watumishi. Baada ya mpira ilikuwa zamu ya chemsha bongo ukumbini, walimu dhidi ya wauguzi. Mama Letisia, kama alivyoitwa kwa jina la binti yake mkubwa, aliketi mstari wa mbele akiwa na kilemba kipya. Alama zilifungana hadi swali la mwisho, nalo likaangukia kwa Mectilda.

"Mlima mrefu kuliko yote mkoani Manyara ni upi?"

Mectilda alimtazama Urban. Akamtazama mama aliyetoka safari ndefu kumwona mwanawe. Akasema, "Kwaraa."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Swali likahamia kwa Urban, ambaye alijibu "Hanang" kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya msiba. Walimu wakashangilia ushindi.

"Shikamoo, mama," Mectilda alimwamkia alipotoka nje.

"Marahaba. Binti, ule mlima tunauona tukifungua mlango."

Kesho yake mama alipanda basi na kurudi kwake, na posa haikutajwa tena. Urban hakupiga simu jioni ile, wala jioni zilizofuata. Hatimaye alipiga Mectilda.

"Umeninunia?"

"Kama hutaki kuolewa kwetu, ungeniambia mimi. Si kuudharau mlima wetu kwenye kipaza sauti, mama amekaa pale."

"Urban, jibu nililijua. Nilikuachia."



"Uliniachia," Urban alirudia. "Kwa hiyo mimi ni mtu wa kuachiwa. Afadhali ungekuwa hujui." Akakata.

Mectilda alilia, akanawa uso, akaenda kuchoma watoto chanjo. Jumamosi asubuhi alivaa gauni lake la njano akaenda nyumbani kwa Urban. Alimkuta uani ameinamia beseni, anafua mashati.

"Sikuja kukubembeleza," alisema. "Nimekuja kusema ukweli. Kuna wawili walinipenda kabla yako. Niliwashinda mbele ya watu, wakaondoka. Nilipomwona mama yako pale, niliogopa na wewe utaondoka."

"Mimi nilikuja kwa sababu ulinishinda, Mectilda. Mbele ya wanafunzi wangu! Halafu unanipima kwa kipimo cha hao?"

"Nimekosa. Nisamehe."

Urban alifuta povu mikononi, akatoa simu, akapiga, akampa. "Mwambie mama hivyohivyo."

Mectilda akaamkia, akaeleza, bila kupunguza chochote. Upande wa pili Mama Letisia alisikiliza hadi mwisho.

"Yaani uliudanganya ukumbi mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi?"

"Na wewe, mama. Naomba unisamehe."

"Nilipanda mabasi mawili kuja kuona akili, mwanangu, ukanificha." Akaanza kucheka, kicheko kirefu kilichosikika hadi kwenye kamba ya nguo. "Mwambie huyo mwenzio nitazungumza na wazee. Lakini usimdanganye tena, na mimi usinidanganye."

Simu ilipokatika, Mectilda alikuwa analia tena, safari hii kwa furaha. Urban alimshika mikono, yake ikiwa bado na maji.

"Mectilda, nikikuoa utanishinda mpaka tuzeeke?"

"Nitakushinda."

"Mbele ya wanafunzi wangu?"

"Mbele yao."

"Na mbele ya mama?"

"Mbele ya mama," alisema Mectilda, "nitaanzia hapo."