Fungu la Marehemu

Sogeeni hapa mkekani. Na wewe unayetafuna karanga, ziweke kwanza. Hili halitaki kelele.

Augustine wa Goba alikuwa akipika bia yake mwenyewe, ya mabibo, kwa mkono. Jumba moja la makumbusho ya sanaa likamwita jioni aje awaonjeshe wageni. Mama yake, Bi Eufrazia, akaenda naye kumsaidia vikombe. Kwao kusini mwenye pombe huonja kwanza, kisha humwaga kidogo chini, fungu la marehemu, ndipo watu wanywe.

"Usimwage, braza!" Monica, msimamizi, akamzuia. "Vigae vipya hivyo."

Wageni wakacheka. Augustine akaona haya. Nyuma yake palikuwa na kinyago cha shetani, mdomo wazi, kilichochongwa na marehemu baba yake, mzee Leonardi. Akageuka, akamimina lile fungu mdomoni mwa kinyago.

"Haya, mzee kanywa!"

"Si humo, mwanangu," Bi Eufrazia akanong'ona. "Marehemu hunywea ardhini."

"Mama nawe! Si mti tu huu?"

*Kup.*

Bi Eufrazia akachungulia mle mdomoni. Pakavu. Mara ikaja harufu ya udongo wa kaburi bichi, ikafunika harufu ya mabibo, na bilauri za wageni ambazo hakuna aliyezigusa zikawa zinapungua, kidogo kidogo, na kila zikipungua inasikika *kup*, *kup*, safari hii si kwenye kinyago bali kooni mwa Augustine, ambaye alikuwa keshaanza kulamba midomo na kuomba maji, akamaliza jagi, akaomba la pili, la tatu, na ulimi ukizidi kutoka mkavu, umepasuka kama ubao ulioachwa juani.

Kesho yake akaletwa Mzee Mwishehe, mganga wa Mtoni. Akafukiza ubani, akanusa kinywa cha mgonjwa.

"Ardhi ukiipa, mama, inatulia. Huyu jini amekaa ndani ya mti miaka yote hajui kunywa. Mmemfundisha."

"Mtoe basi, baba!"

"Nimtoe nimpeleke wapi? Keshapata nyumba."

Akabeba chetezo chake. Hata chai hakungoja.

Siku saba Bi Eufrazia alimnywesha mwanawe, ndoo kwa ndoo, hana jingine la kufanya. Ya nane wakamwosha maiti, na maji yote yakazama mwilini. Sakafu ikabaki kavu.

Mitungi ya pombe ilimwendea mkewe, Recho. Patasi za mzee Leonardi akachukua mdogo wake Augustine, Stephano. Kitoto cha Augustine na Recho, Vaileth, wa miezi minne, watu walisema hakuachiwa kitu.

Ila kila jioni akipewa ziwa, Recho humwita mkwewe kwa sauti ya chini:

"Mama, hebu njoo usikilize."

*Kup.*