Hatua Tisa Mbele ya Bawabu

Saa tatu ya asubuhi mlango wa ofisi za halmashauri ulikuwa umejaa watu: wenye maombi ya leseni, wenye vyeti vya kuzaliwa vilivyokosewa, na wauza bahasha waliopenya katikati yao. Dada mmoja aliyevaa sare ya buluu ya kampuni ya maji, kilemba cheupe kimemkaa bila kukunjamana hata mahali pamoja, alisimama kando ya ukuta ameshika kamba kwa mikono miwili. Mwisho wa kamba alikuwako mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, jina lake Bawabu. Watu walikuwa wamempisha kwa heshima ambayo hakuna mwingine aliyeipata asubuhi hiyo.

Mwanamume mwenye mwavuli mrefu akakata kona kwa haraka. Bawabu akaruka. Kamba ikakaza, dada akaburutwa, umati ukapasuka. Yule mwanamume hakukimbia wala hakuinua mwavuli. Aliuweka chini taratibu, akageuka ubavu, akatazama sakafu, kisha akapiga miayo mirefu kana kwamba ndiyo kwanza ametoka kitandani.

Mbwa akatulia. Dada akamwuliza yule bwana, kwa sauti laini ya kazini, kama walikuwa wamemchosha.

"Nilikuwa namwambia sina ugomvi naye," akajibu. "Mbwa akiona mtu anapiga miayo, anaelewa kwamba huyo hakujiandaa kupigana. Hata wewe ungepiga kidogo. Umeishika kamba kama mtu anayezama."

"Hakuna neno," akasema dada.

Hayo ndiyo maneno aliyoyatamka mara nyingi kuliko yote maishani mwake. Alikuwa mpokea malalamiko. Kwa miaka saba aliketi nyuma ya meza akiwasikiliza watu ambao mabomba yao yamekauka, wakimfokea kana kwamba maji ameyaficha chini ya kiti. Wenzake walimwita Bibi Pole. Mwezi huo lilimfikia lalamiko lililomhusu mwenyewe: msoma mita wa kampuni alikuwa ameumwa mguuni na mbwa, na nyumba iliyotajwa ilikuwa yake. Aliliandika kwa mwandiko wake uleule wa kunyooka, akalipeleka ngazi ya juu.

Uamuzi wa halmashauri, iliyomwita afike pamoja na mbwa, aliupokea siku ile ile ya miayo. Alipewa siku sitini. Zikiisha, afisa angefika nyumbani. Akimkuta mbwa bado ni hatari isiyozuilika, Bawabu angedungwa sindano ya kumwua.

Bawabu alikuwa wa kaka yake, aliyefariki mwaka uliotangulia baada ya kuugua kwa miezi mitano. Muda wote huo mbwa alifungwa uani, akiona wageni wanaingia na kutoka: wauguzi, majirani, watu wa kuomboleza. Mwishowe waliingia wageni sita na wakatoka wamembeba bwana wake. Tangu hapo hakumwamini mgeni yeyote.

Mwenye mwavuli alikuwa mfunza mbwa. Alipoisikia habari hiyo, alisema mbwa huyu hana ukatili, ana hofu, na hofu hutibika kwa mpango na subira. Bibi Pole akampa anwani.

Siku ya kwanza alifika na shati la kaki lenye mifuko minne iliyonuka nyama iliyokaushwa, kipande cha chaki, na daftari lenye jalada gumu. Shangazi, aliyeishi na Bibi Pole tangu msiba, alimtazama kutoka dirishani akauliza kama huyo ndiye Bwana Miayo, na kama nyama hizo ni za mbwa au ni manukato yake. Mfunza mbwa alijibu kwa adabu kwamba ni vyote viwili.

Kwanza alimzoesha mbwa kuvaa kikapu cha ngozi cha kumfunika mdomo, ili asimdhuru mtu wakati wa kujifunza. Kisha akahesabu. Alimkaribia hatua kwa hatua, na zilipobaki hatua kumi na mbili kati yao Bawabu akanguruma. Hapo akachora mstari wa chaki.

"Asante, nimesikia," akamwambia mbwa, akarudi nyuma hatua moja.

Bibi Pole akamwuliza iweje anayenguruma ashukuriwe badala ya kukemewa.

"Kwa sababu ananifanyia hisani," akasema. "Ananionya kabla hajaniuma. Ukimnyamazisha hujamwondolea hofu, umeondoa onyo tu. Mbwa ninayemwogopa mimi ni yule aliyefundishwa kunyamaza."

Kazi ikaendelea hivyo. Bawabu akimwona mgeni kwa mbali na kutulia, alipewa kipande cha nyama. Akinguruma, mgeni alishukuru na kurudi nyuma. Namba ya kila siku iliandikwa daftarini. Kumi na mbili. Kumi na moja, siku nyingi. Kumi. Kisha kumi na moja tena, kwa sababu ya mvua ya radi. Mfunza mbwa hakuharakisha chochote, na Bibi Pole, aliyekuwa amezoea watu wanaotaka maji yao jana, alijikuta akiusubiri mlio wa lango kila saa kumi na moja jioni.

Siku ambazo mgeni alikuwa jirani, mfunza mbwa alipiga simu, kwa kisingizio cha kuuliza namba.

"Leo hatua ngapi, Bibi Pole?"

"Kumi. Na wewe uko hatua ngapi kutoka hapa?"

"Nyingi mno. Nikinguruma utanisikia?"

"Jaribu," akasema, akacheka hata shangazi akaacha kushona ili asikie vizuri. Kufikia wiki ya nne simu zilikuwa zikianza na namba na kuishia kwa "lala salama, mpenzi wangu," na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeyatamka maneno hayo kwanza.

Siku ya arobaini daftari lilisema tisa. Bibi Pole alipiga hesabu usiku kucha kichwani: siku ishirini zilizobaki, hatua tisa zilizobaki. Akilini alimwona afisa akisimama uani, mbwa akinguruma, kalamu ikiandika. Hakumwambia mfunza mbwa. Alipoulizwa mbona amenyamaza, alijibu hakuna neno. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda kazini, alimwomba shangazi ajitande kanga hadi usoni, ajifanye mgeni langoni, naye akasimama na gazeti lililokunjwa. Bawabu aliponguruma alimchapa nalo puani. Alifanya hivyo kila asubuhi. Siku ya sita mbwa hakunguruma. Shangazi alisema waziwazi kwamba hapendi macho ya mbwa huyu sasa. Bibi Pole alimwomba asimwambie mtu.

Namba zikaporomoka: saba, tano, mbili. Mfunza mbwa angepaswa kushuku. Mwenyewe alifundisha wengine kwamba namba isiyosuasua ni namba ya uongo. Lakini moyo wake tayari ulikuwa umo ndani ya nyumba ile, na mwenye furaha huhesabu vibaya. Siku ya hamsini alimvua Bawabu kikapu, akanyoosha mkono.

Mbwa hakutoa hata mngurumo. Aliuma kiganja, akaachia, akajikunyata ukutani akilitazama gazeti lililokuwa juu ya kiti.

Mfunza mbwa naye akalitazama. Damu ilikuwa ikidondoka juu ya mstari wa chaki.

"Umemfanya nini?"

"Hakuna neno," akasema Bibi Pole. "Sijafanya kitu."

Mfunza mbwa alifunga daftari, akajifunga leso mkononi, akatoka bila kugeuka.

Yeye alifikiri: ananidanganya ili apate saini yangu kwenye ripoti ya halmashauri. Chini ya wazo hilo lilikuwako lingine lililomwaibisha zaidi, kwamba alivua kikapu kwa kutaka kumfurahisha mwanamke. Bibi Pole naye alifikiri: amekwenda kuandika ripoti, na nimempoteza yeye na mbwa kwa siku moja.

Simu ilipoita kesho yake Bibi Pole hakuipokea. Ilipoita mara ya nne shangazi aliichukua.

"Hayupo, baba," akasema. "Yupo hapa, ananipungia mkono niseme hayupo. Basi ndiyo hivyo, hayupo."

Siku ya nne baada ya hapo, ukumbi wa kampuni ya maji ulikuwa umefurika, maana mtaa mzima ulikuwa umekatiwa maji. Bibi Pole alikuwa amevaa kilemba cheusi, na kwa mara ya kwanza kilikuwa kimepinda. Aliita namba hamsini na tatu bila kuinua kichwa. Kiganja kilichofungwa bandeji kikaweka kikaratasi mezani.

"Karibu," akasema kwa sauti ya kazi. "Lalamiko lako ni lipi?"

"Sina. Nimekuja kupokea la kwako."

"Hakuna neno."

Hakuondoka. Alisimama tu, ubavu ubavu kidogo, akitazama meza. Mzee mwenye dumu tupu nyuma yake akaguna, "Binti yangu, mwambie tu. Sisi wenye kiu tunangoja."

Bibi Pole akaweka kalamu chini.

"Nimekukasirikia," akasema, na sauti haikuwa ile ya kazi. "Uliuliza swali moja ukaondoka kama mtu anayefunga duka. Kaka yangu alitolewa kwa mlango ule ule. Na wewe ukatoka hapo hapo, nikabaki nimeshika kamba. Nilimchapa mbwa wa marehemu puani kwa sababu niliogopa kumpoteza, na sikuwa na wa kumwambia kwamba naogopa. Mtu wa kumwambia alikuwa akifurahia namba zake."

Mfunza mbwa alirudi nyuma hatua moja, akamkanyaga mzee wa dumu.

"Asante," akasema. "Nimesikia."

Kisha akaeleza kwa utaratibu. Alikuwa ameiandikia halmashauri, ndiyo, lakini barua ilisema kosa ni la mfunzaji aliyevua kikapu kabla ya wakati, na iliomba wiki nne zaidi. Walikuwa wamezikubali. Bibi Pole aliinamisha kichwa, kilemba kikazidi kupinda, na mzee wa dumu, ambaye mguu ulikuwa ukimuuma, akaketi juu ya dumu lake kungoja.

Walianza upya, hatua ya kumi na tano. Sasa kazi ilikuwa kumrudishia mbwa sauti yake. Gazeti halikuingia tena katika nyumba ile. Mgeni alisimama mbali, Bibi Pole akachuchumaa kando ya mbwa, na kila masikio yalipolala nyuma au mgongo ulipokakamaa alisema asante, mgeni akaondoka. Siku kumi na mbili zilipita kimya. Siku ya kumi na tatu alimpigia simu mfunza mbwa, ambaye siku hiyo alikuwa kazini kwingine.

"Amenguruma," akasema, akilia. "Amemngurumia shangazi, alivaa kofia mpya."

"Shangazi amesemaje?"

"Amesema asante, amesikia. Halafu amesema kofia ni nzuri na mbwa hajui nguo."

Afisa alifika siku ya mwisho na jalada kwapani, viatu vyake vimeng'aa. Walimweleza kwamba mbwa akinguruma, arudi nyuma hatua moja. Alihesabu kwa sauti. Zilipobaki hatua tisa Bawabu, akiwa amevaa kikapu chake, alinguruma. Afisa akarudi moja. Mbwa akaacha, akamgeukia Bibi Pole kutafuta nyama yake. Afisa alirudia mara tatu, kisha akaandika kwa muda mrefu. Bawabu angeishi. Nje ya nyumba angevaa kikapu maisha yake yote, lango lingewekwa komeo la pili na kibao cha onyo, na asingeachwa na mgeni bila mwenyewe kuwapo. Bibi Pole alisaini kila ukurasa. Haikuwa habari ya kupigiwa vigelegele. Mbwa hakupona, alikuwa amejifunza kusema, na wao kusikia.

Afisa alipokwenda, mfunza mbwa alibaki amesimama kwenye mstari wa tisa, shati la kaki limepigwa pasi, mifuko mitupu kwa mara ya kwanza.

"Nimechoka kuwa mgeni katika ua huu," akasema. "Nataka kuingia kwa mlango ule kama mume wako. Ukikubali."

Dirisha la shangazi lilifunguka kidogo.

"Naogopa," akasema Bibi Pole. "Kila ninayempenda huondoka kwa mlango ule."

Mfunza mbwa akainua mguu ili arudi nyuma.

"Sikusema urudi. Nimesema naogopa, na jibu ni ndiyo. Simama hapo hapo."

Akasimama. Bibi Pole alilegeza kamba, akaanza kumwendea, akihesabu hatua kwa sauti ya chini, Bawabu ubavuni. Katika hatua ya sita mbwa, ambaye bado alikuwa na wasiwasi wa ugeni wa siku ile, akanguruma kidogo.

Bibi Pole naye akasimama, na wote wawili wakamngoja.