Gari Lililokataa Kuwaka

Kibamba ina vilima. Anayejenga huko hupata upepo mzuri, lakini hupata pia ua ulioinama. Ua wa Flaviana ulikuwa umeinama hasa. Ukidondosha limau barazani, utaliokota getini.

Flaviana alikuwa mwokaji wa keki. Alioka nyumbani kwake, na mtaa mzima ulizijua keki zake kwa utamu. Tatizo lilikuwa kuzisafirisha. Gari lao dogo lilishinda juani, na ukifungua mlango mchana, joto linakupiga usoni. Mwezi uliopita keki ya Msasani ilifika imelala ubavu, krimu imetiririka mpaka kwenye kitambaa cha meza. Wenye sherehe waliikata jikoni ili wageni wasiione. Flaviana alilia njia nzima kurudi nyumbani.

Kwa hiyo ilipokuja oda ya Kunduchi, alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Bi Mwamvita, muuza samaki anayejulikana sana kule, alikuwa anamwoza binti yake Nusaiba Jumamosi. Alitaka keki ya ghorofa nne.

"Mwanangu, keki yako nimeshaila, ni tamu," Bi Mwamvita alisema kwenye simu. "Lakini na habari za Msasani nimezisikia. Hii ikifika imelala, mie siipokei."

"Itafika imesimama, mama," Flaviana alijibu. Itafikaje, hakujua. Alichojua ni kwamba akishindwa mara ya pili, hakuna atakayempa tena keki ya harusi.

Mumewe Didas alidhani amepata dawa. Jumatano jioni alirudi na gari kutoka kazini akitabasamu peke yake. Alitoa mfukoni rimoti ndogo nyeusi, akaiweka mezani.

"Mama Blessing, kuanzia leo gari tunaliwashia barazani. Unabonyeza hapa, injini inawaka, kiyoyozi kinapuliza. Ukienda kupakia keki, ndani kumeshapoa kama friji."

Flaviana aliishika rimoti kwa mikono miwili. "Nani kakufungia?"

"Fundi mmoja mjini. Nilimuuliza kama gari letu la klachi litakubali. Akasema gari lolote linakubali."

Alhamisi asubuhi Flaviana alipanga trei za mayai juu ya meza ya barazani. Gari lilikuwa mahali pake pa siku zote. Pua ilielekea barazani, jiwe lilikuwa nyuma ya tairi, na gia ilikuwa namba moja. Wenye magari ya klachi wa mtaa ule wote huegesha hivyo. Kwenye mteremko hendibreki peke yake hawaiamini, kwa hiyo huacha gia ishikilie gari. Didas alifanya hivyo kila jioni bila hata kufikiri.

Flaviana alisogea pembeni, akanyoosha mkono, akabonyeza.

Gari liliruka. Liliruka mara moja kwenda mbele, likapanda ukingo wa baraza, likaikandamiza meza ukutani, kisha likazima. Mayai yalitiririka sakafuni. Flaviana aliitazama rimoti mkononi mwake. Muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa amesimama kati ya meza ile na ukuta ule.

Didas alitoka mbio, mswaki ukiwa mdomoni. "Nani alikuwa ndani ya gari?"

"Hakuna mtu, Baba Blessing. Limeruka lenyewe."

Jirani yao Kokushubila alisikia kishindo, akaja na kikombe chake cha chai. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwenye gereji kando ya barabara ya Morogoro. Alikuwa mwenyeji wa Bukoba, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, na hakujua kuongea na mtu bila kumtania.

"Shemeji Didas, ulinunua gari au mbuzi?"

"Dada Koku, usinicheke. Hii rimoti ni mbovu."

"Rimoti imefanya ulichoiambia. Gari ulililaza na gia?"

"Nalilazaga na gia siku zote. Si unaujua mlima huu?"

Kokushubila aliweka kikombe chini. Aliinama kwenye usukani, akachungulia nyaya zilizo karibu na pedeli, akaguna. Alipoinuka hakuwa anacheka tena.

"Shukuruni Mungu ni mayai tu," alisema. "Haya, Mama Blessing, lile jenereta lenu dogo mnaliwashaje?"

"Navuta kamba."

"Kwa nini uvute? Petroli si imo?"

Flaviana alifikiri. "Bila kuvuta halianzi."

"Hata injini ya gari haianzi hivi hivi. Lazima kitu kiizungushe kwanza. Ikizunguka, inavuta hewa, petroli inaingia, plagi inatoa cheche, petroli inalipuka humo ndani. Mlipuko ule ndio unaosukuma injini, na kuanzia hapo inaendelea yenyewe. Kwenye jenereta, anayezungusha ni mkono wako. Kwenye gari kuna mota ndogo inaitwa stata. Inakula umeme wa betri, inaizungusha injini. Injini ikishika, stata inajitoa."

"Kwa hiyo ufunguo unaiamsha stata," alisema Flaviana, macho yameanza kung'aa.

"Umenipata. Na rimoti ni hivyo hivyo. Unabonyeza, mawimbi yanaruka kama ya redio, yanafika kwenye kiboksi kilichofichwa chini ya usukani. Kiboksi kinafanya kazi ya ufunguo. Kinaamsha stata, kinasubiri injini ishike, kinaiachia."

"Sasa mbona liliruka?" Didas aliuliza.

"Wewe ukiwasha kwa ufunguo, unakanyaga nini?"

"Klachi."

"Klachi ndiyo inayoiachanisha injini na magurudumu. Usipoikanyaga, na gia imo, stata ikiizungusha injini inazungusha na magurudumu. Gari litaacha kuruka? Gari hili kiwandani liliwekewa swichi kwenye klachi. Usipokanyaga, stata haiamki. Fundi wenu ameona swichi inamsumbua, akaunganisha nyaya mbili akaidanganya. Hendibreki hakuiunganisha na kiboksi. Milango pia hakuiunganisha. Kiboksi kina akili, yeye kakifunga macho."

Didas alijishika kichwa. Alitaka kuking'oa kiboksi siku ile ile na kukitupa. Flaviana ndiye aliyekataa.

"Hapana. Kama kina akili, tukifungue macho. Keki ya Jumamosi inakihitaji. Inawezekana, Koku?"

"Inawezekana. Ila mtafuata utaratibu wangu, si wa mlima."

Kazi ilianza. Kokushubila alikaza waya wa hendibreki, akaunganisha swichi ya klachi, hendibreki, milango na boneti kwenye kiboksi. Akamwambia Didas asawazishe sehemu ya ua, gari lilale mahali tambarare. Didas alichimba kwa jembe mpaka Ijumaa jioni, mgongo ukamuuma, na Kokushubila akimwambia kila akipita kwamba sasa anafanana na mume wa mtu. Gari likalala pale, pua ikiwa ile ile, kuelekea barazani.

Kisha Kokushubila akawaita wote wawili.

"Mkirudi, acheni injini inawaka. Toeni gia kabisa, vuteni hendibreki. Chomoeni ufunguo. Injini haitazima, msishangae. Shukeni, fungeni milango kwa rimoti. Hapo ndipo itazima yenyewe. Sasa kiboksi kinajua kwamba gari limeachwa bila gia."

"Na mtu akiingia baadaye akaweka gia?" Flaviana aliuliza.

"Ataingiaje?"

"Kwa mlango."

"Mlango ukifunguliwa tu, kiboksi kinafuta kila kitu. Ukibonyeza, kinakataa. Na mkiwasha, hakikisheni hakuna mtu wala kitu mbele ya gari. Jambo jingine. Gari likiwa kwenye banda lililofungwa, msiwashe. Moshi wa eksozi una sumu isiyo na harufu. Inaua mtu akiwa amelala."

Flaviana aliurudia utaratibu wote kwa mdomo, mara ya kwanza akakosea, mara ya pili akapatia. Alijisikia kama mtu aliyejifunza kuendesha upya.

Jumamosi ikafika na jua lake. Keki ya ghorofa nne ilisimama kwenye meza ya barazani, nyeupe, na maua ya waridi ya krimu kila ghorofa. Kwa haraka ya kuiwahisha, hakuna aliyekumbuka kwamba meza ilikuwa mbele ya gari. Flaviana alishika rimoti, akabonyeza.

Taa ziliwaka na kuzima mara tatu. Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya. "Baba Blessing, haliwaki. Tumekwisha."

Didas alifungua mlango, akatazama. Halafu akarudi nyuma, akakaa chini kwenye udongo alioulima mwenyewe.

"Asubuhi niliingia garini kutandika kitambaa cha kuwekea keki," alisema taratibu. "Nikaweka gia. Namba moja. Mkono umezoea tu, mke wangu."

Flaviana aliitazama gia, akaitazama keki. Pua ya gari ilikuwa imeielekea moja kwa moja. Akaanza kucheka, machozi yakimtoka. Hakuwa amewahi kulipenda gari kama alivyolipenda dakika ile lilipokataa kuwaka.

"Inuka," alisema. "Kwanza tuhamishe meza. Halafu tuanze upya, vilevile alivyotufundisha."

Wakaihamisha meza pembeni. Wakafuata utaratibu wote. Milango ikafungwa, injini ikazima. Flaviana akabonyeza. Gari likawaka palepale lilipo, halikusogea hata unywele. Walilisubiri lipoe, Didas akaingia, akachomeka ufunguo na kuuzungusha ili injini isizime, ndipo wakapakia keki ghorofa moja moja.

Kunduchi ukumbi ulikuwa umepambwa, wageni wanaanza kufika. Flaviana aliipanga keki mezani. Hakuna ua lililoinama. Bi Mwamvita alikuja na miwani yake, akaizunguka keki taratibu, akitafuta kosa. Akaizunguka tena.

"Shikamoo, mama," Flaviana alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Hii imetoka Kibamba? Kwa jua hili?"

"Imetoka Kibamba, mama."

Bi Mwamvita alivua miwani. "Nusaiba mwanangu amekuwa akiniuliza tangu asubuhi, keki imefika? Nenda kamwambie mwenyewe imesimama."

Flaviana alitazama gauni lake lenye unga. "Mama, mie nimekuja kuleta keki tu. Naondokea mlango wa jikoni."

"Nani kakwambia unaondoka?" Bi Mwamvita alivua mtandio wake mpya wa njano, akamvika Flaviana mabegani mpaka unga ukafunikwa. "Wageni watauliza nani kaoka, nami nataka nikuoneshe kwa mkono."

Akamshika kiganja, wakaingia ukumbini kwa mlango wa mbele.