Miguu Chini ya Pazia

Jua lilikuwa linazama Clémentine alipotoka kwa jirani yake Glodie, amebeba viti vya plastiki alivyoazima. Jioni ile familia ya mchumba wa Laetitia, binti yake, ilikuwa inakuja kujitambulisha, na tangu asubuhi Clémentine alikuwa anapigana na saloni yake, chumba cha kupokelea wageni. Kanape, kile kiti kirefu, aliisukuma ukutani, akaivuta katikati, akairudisha ukutani. Mwishowe akaridhika. Wageni wangeketi upande wa dirisha, wenyeji upande wa pili. Fotei kubwa nyekundu, kiti cha mikono kinachotazama mlango, ilikuwa ya mzee Nkongolo, baba mkubwa wa kijana, aliyezeekea katika kazi ya reli na kuheshimiwa mtaa mzima.

Mtu mmoja tu hakupangiwa kiti. Mama Kapinga wa Kinkondja, kule ziwani, shangazi aliyemlea mumewe Edmond na kumsomesha kwa samaki aliowakausha kwa mikono yake. Clémentine ndiye aliyekataa aitwe.

"Atakuya na mizigo yake ya samaki, nyumba yote itanuka," alimwambia Edmond. "Bale bantu batatuona namna gani?"

Edmond aliangalia chini.

Umeme ulikuwa umekatika. Clémentine akasukuma mlango kwa kiwiko, akaingia.

Akasimama.

Harufu... Haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya tope, ya majani yaliyoozea ndani ya maji.

Kwenye fotei nyekundu ameketi mtu.

"Nani?"

"Ni miye, mwana." Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyepigwa na baridi. "Nimefika."

Alimtambua. Mama Kapinga, kitenge kimemganda mwilini, mikono imelala juu ya magoti. Hakuwa na mzigo wowote. Clémentine hakujiuliza amepitia wapi, wala mlango umefunguliwa na nani. Aliwaza kitu kimoja tu: wageni wako njiani, na fotei inalowa.

"Mama, karibu," akasema haraka. "Lakini pale ni nafasi ya bageni. Samahani, uhame kidogo."

"Nitaikala wapi?"

Clémentine akatazama huku na huku. Nafasi zilikuwepo. Kwenye kanape ilikuwepo. Lakini akanyoosha kidole kwenye pazia la pembeni, pale anapoweka gunia la makaa na kibao cha kupikia.

"Kule nyuma ya rido, mama. Ni kwa kitambo tu."

Mama Kapinga akainuka polepole. Alipopita, hewa ikawa baridi.

"Ni muzuri," akanong'ona. "Hata mu mutumbwi, bananiikalishaka nyuma." Akalifunua pazia, akaingia, akaliachia. "Wafwako, mwana." Asante, kwa Kiluba.

Asante ile ilimchoma Clémentine kuliko matusi. Hata hivyo akachukua kitambaa, akapangusa fotei, akawasha taa ya chaji.

Edmond akarudi kutoka gare, kituo cha treni, uso umemwanguka, na kabla mkewe hajamvuta pembeni, wageni wakabisha. Salamu, vicheko, kila mtu akaonyeshwa kiti chake. Mzee Nkongolo akaketi kwenye fotei nyekundu.

Akainuka mara moja.

Akajigusa nyuma. Suruali yake ya heshima ilikuwa imelowa chepechepe.

Msichana mmoja wa upande wa wageni akaziba mdomo. Clémentine akatamani sakafu immeze.

"Haizuru," mzee akasema kwa upole. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama pembeni, chini, pale pazia lilipoishia bila kugusa sakafu.

Miguu miwili mitupu. Imesimama sambamba. Inadondosha maji.

"Na ule mama, juu ya nini hatumusalimie? Ni nani?"

Simu ya Edmond ikalia. Akaomba ruhusa, akatoka barazani kutafuta mtandao. Clémentine akabaki peke yake na macho yote yale. Angeweza kusema. Neno lilikuwa hapo, kwenye ulimi: ni mama mukwe wangu.

"Ni... ni muntu wa kusaidia jikoni tu, papa."

Nyuma ya pazia, taratibu, mtu akavuta pumzi.

"Wafwako, mwana..."

Wote walisikia.

Edmond akarudi akishikilia ukuta. "Mama Kapinga amekufa," akasema. "Mutumbwi ulipinduka mu ziwa, jana asubuhi. Bamemupata leo mu matete." Akamgeukia mkewe, machozi yakimtoka. "Nilimuita, Clémentine. Nilikuficha. Nilienda kumungojea ku gare, treni ikafika bila yeye."

Kisha mzee Nkongolo akaenda mwenyewe hadi pembeni, akalifunua pazia.

Gunia la makaa. Kibao. Juu ya kibao, unyasi mmoja wa ziwani, mbichi.

Mzee akamtazama Clémentine kwa muda mrefu. Clémentine akainamisha kichwa, mashavu yakimwaka, akajua kwamba hakuna anayehitaji kuelezwa.

"Tutarudi kilio ikiisha," mzee akasema, akawaongoza watu wake nje.

Walirudi kweli, baadaye, na Laetitia aliolewa. Lakini kwanza ilibidi waende kuzika.

Huko Kinkondja, wanawake walikuwa wameketi chini kwenye mikeka, wamebanana, magoti kwa magoti, wengine wamesukumwa hadi kwenye jua. Clémentine akataka kujificha nyuma kabisa. Wakamshika mkono. Wakampeleka mbele, karibu na jeneza, kwenye mkeka mpya, mpana.

"Weye ni bibi ya Edmond," wakamwambia. "Nafasi yako ni hapa."

Akakaa. Watu walizidi kufika. Waliokosa mahali walisimama. Lakini kando yake, upande wa kushoto, mkeka ulibaki mtupu, na hakuna aliyeukaribia. Saa zikapita. Aibu ikamzidi.

"Mama," akamnong'oneza mwanamke aliyekuwa jirani, "juu ya nini hamuikale hapa? Kuko nafasi."

Yule mwanamke akaangalia ile sehemu tupu, akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu anayesalimia mkubwa wake.

"Apana, mama," akajibu. "Pale kuko muntu."