Kilti Isiyo na Ukoo

Jumamosi jioni Nikhil, mkuu wa makumbusho ninakofanya kazi, alinituma nikafunge dirisha la chumba cha nguo kuukuu. Nikiwa mlangoni akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, "Na ile kilti, dada Placida. Nataka kujua ni ya ukoo gani. Jumatatu tunafungua maonyesho."

Kilti ni ile sketi ya sufu ya wanaume wa Uskoti. Miraba yake ya rangi, tartani, si pambo tu: ukoo huu una yake, ukoo ule una yake. Mimi ndiye mshonaji wa makumbusho hayo madogo ya London, na tartani nilijifunza mwenyewe, kwa macho na ubishi. Kilti hiyo nilikuwa nimeilinganisha na kila sampuli tuliyonayo. Haikufanana na hata moja.

"Haina ukoo," nikamwambia.

"Weka wowote unaokaribia. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Siandiki uongo, Nikhil."

Akacheka. Ni mtu wa Kenton, mtaa wenye Wahindi wengi hapa London, baba yake alikuwa na duka Mwanza, na Kiswahili hukitoa akitaka kitu. "Basi kaitazame tena. Taratibu. Peke yako."

Peke yangu, kwa nini? Ningemuuliza palepale. Lakini nilikuwa na haraka. Kesho yake kaka yangu Method alikuwa anawaonyesha ndugu mtoto wake wa kwanza, kwake Tottenham. Katika nyumba yetu, toka Bukoba, shangazi ndiye anayemnong'oneza mtoto jina la ukoo sikioni. Asiponong'onezwa, hatumhesabu kuwa wetu. Shangazi ni mimi.

Saa kumi, na giza la Desemba lilikuwa limeshaingia. Dirisha nililikuta limefungwa.

Harufu ikanipokea. Sufu iliyolowa... na moshi wa mboji, ule udongo ambao Waskoti huuchoma kama kuni.

To... to... to...

Maji, yakidondoka.

Kabati la kioo lilikuwa wazi. Mbele yake alisimama mzee, mgongo kwangu, miguu mitupu. Kilti ameivaa. Pindo linachuruzika.

"Tumefunga, mzee," nikasema kwa ukali. "Vua hiyo."

Hakugeuka. Akanong'ona, kwa Kihaya. Kihaya cha bibi yangu, kile cha kuvuta maneno.

"Mwanangu, wewe ni wa ukoo gani?"

Kwetu swali hilo linafuata salamu. Mzee akikuuliza, unajibu, ukinyamaza umemtukana. Mdomo wangu umelizoea toka utotoni, haukunisubiri.

Nikajibu.

Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Asante. Mimi wangu walinivua."

Taa ikacheza. Ilipotulia hakuwepo. Kilti ilikuwa kabatini, kavu, kabati limefungwa. Ila katikati ya miraba ulipita uzi wa manjano ambao sikuwahi kuuona.

Sakafu ilikuwa imelowa.

Nikhil alikuwa nje ya kizingiti, koti mwilini. Hakuthubutu kuingia.

"Amekuuliza?"

Damu ikanipanda. "Ulijua yumo?"

"Eddie naye aliulizwa." Eddie ndiye aliyeshona hapo kabla yangu. "Yuko kwake, anakula, anatembea. Ukimuuliza kwao ni akina nani, analia."

"Ukanituma."

"Ukoo wake ulimfukuza, dada. Kosa lenyewe hakuna anayelijua. Anatafuta wa kumchukua." Akatazama viatu vyake. "Mimi aliniuliza zamani. Wa kwetu haukumtosha. Nikafikiri, labda wenu..."

Nilimzaba kofi. Ningerudia hata leo.

Ndani ya treni nikajaribu kulitamka jina letu. Ulimi ukagota. Nikajaribu tena, mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Kwenye pasipoti nina jina la baba. La ukoo sisi hulibeba mdomoni. Nikampigia binamu yangu Bukoba. Alilitaja mara kadhaa, na kila alipolifikia simu ilitoa mvumo, kama mvua juu ya sufu.

Jumapili nilikwenda hivyohivyo. Ningemwambia nini Method? Kwamba Mskoti mfu amenipora? Watu walijaa, pilau inanukia, mtoto akawekwa mapajani mwangu.

"Haya, shangazi," Method akasema, "mfanye awe mtu. Maana kwa sasa ni mgeni tu anayetumaliza maziwa."

Watu wakacheka. Nikainama. Nikafungua mdomo. Hasira ikanijaa hadi machozi: hiki kitoto kina kosa gani?

Hakikutoka kitu.

Kisha harufu ya pilau ikafifia. Sufu iliyolowa... moshi... Kitu baridi kikainama pamoja nami, begani, kikanong'ona kwenye sikio la mtoto.

Mtoto akageuza shingo. Si kwangu. Nyuma yangu. Akatabasamu.

"Safi sana," Method akasema. "Umelitamka vizuri, dada. Kama bibi kabisa."

"Mimi sijasema kitu."

"Acha utani, tumekusikia wote."

"Basi nimesema ukoo gani? Litaje jina lake, Method."

"Si wa kwetu? Kwani kuna mwingine?"

"Litaje."

Akafungua mdomo, bado anacheka.

Akaufunga.

Akaufungua tena, na kicheko kikamtoka usoni polepole. Kwenye zulia, nyuma ya kiti changu, kitu kilikuwa kinadondoka.

To... to... to...