Kiti cha Arvid

Jumamosi ile ya Aprili uwanja wa Chuo cha Kessler ulijaa watu ambao hawakuja kutazama mpira wa Kimarekani. Walikuja kujaribu viti. Kila kiti kilichokosa mwenyewe kwa msimu ujao kilifungwa utepe wa njano, na watu walipanda na kushuka ngazi, wakikaa, wakiinuka, wakilalamikia jua na umbali wa choo.

Britta Halvorsen, koti la kijivu na skafu ya kijani ya chuo shingoni, alisimama karibu na safu za juu akimtazama mwanamume aliyeketi kwenye kiti cha baba yake. Baba, Arvid, alizikwa Februari. Ilipofika siku ya kulipia tiketi za msimu, Britta alilipia kiti chake tu. Hakujua kwa nini. Sasa alikuja kuona nani atachukua kile cha pili, akidhani itamuuma. Haikumuuma. Alikuwa kama mtu aliyeukalia mguu mpaka ukafa ganzi, ila kwake ni mwili mzima.

"Hiki kina kasoro gani?" mwanamume akauliza. Mwembamba, shati la drafti la buluu, viatu vimepigwa kiwi kama anakwenda kanisani.

"Hakina."

"Sasa mtu anakiachaje? Uwanja wote unauona!"

"Amehama."

"Kaenda wapi?"

"Mbali."

"Florida," akasema kwa uhakika. "Wazee wote wa Ohio wanakimbilia joto la Florida. Na wewe unakaa wapi?"

Britta akaonyesha kiti cha pembeni. Mwanamume akacheka, akaufungua utepe.

"Basi shikamoo jirani. Naitwa Wendell Pruitt. Natengeneza lifti, sina mke, na nimehamia mjini hapa juzi tu."

"Sijakuuliza yote hayo."

"Najua. Nimekupunguzia kazi."

Wakapeana namba za simu. Kiangazi chote Wendell alipiga kila alipotoka kazini.

"Jirani, umesoma gazeti? Wanasema msimu huu tutashinda michezo mitatu."

"Wametuonea huruma."

"Acha bwana! Mrusha mpira wetu mpya ana mkono, we! Nimekwenda kumwona mazoezini."

"Ana miaka kumi na minane na hajawahi kugongwa na mtu mzima. Na walinzi wake watatu wamemaliza masomo. Nani atamkinga?"

"Ukiongea hivyo nakupenda zaidi."

Britta akaihamishia simu sikio la pili.

"Britta, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia."

"Na?"

"Usikate simu."

Walitoka pamoja, wakala samaki wa kukaanga, wakatembea kando ya mto. Alipomshika mkono, Britta aliutazama ule mkono wake ukishikwa. Alimpenda, hilo alilijua, kama mtu anavyojua nje kuna joto akiwa nyuma ya kioo. Habari za baba hakumwambia. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, lakini kila alipotaka kuisema, mdomo ulisema jambo jingine.

Na Wendell, masikini, aliendelea na mzaha wake. Mzee wa Florida anaota jua. Mzee wa Florida kanenepa. Jioni moja ya Agosti, wamekaa na aiskrimu nje ya duka, akasema, "Unajua, yule mzee hakuipenda timu hii. Mwenye mapenzi haondoki wakati mbaya hivi."

Britta akaiweka aiskrimu kwenye benchi, akafuta vidole, akaondoka.

Wendell alipiga simu, haikupokelewa. Akaandika: "Nimekosa nini?" Jibu likaja: "Hakuna." Akaandika tena: "Kama hunitaki karibu yako, sawa mpenzi. Mchezo wa kwanza sitakuja kukaa pale." Britta aliusoma ujumbe, akaifunika simu mezani.

Siku ya kufungua msimu, moshi wa soseji ulitanda maegesho yote na tarumbeta za chuo zilisikika hadi barabarani. Safu ya nyuma walikuwepo Lyle na mkewe Verna, kama kila mwaka. Miaka ishirini wamekaa nyuma ya Arvid na bintiye. Hawakujua hata jina lao la ukoo wala mtaa wao. Walionana vuli tu, hapo hapo.

"Binti yetu!" Verna akamkumbatia. "Arvid yuko wapi? Foleni ya soseji?"

"Ndiyo," mdomo wa Britta ukajibu.

"Lyle, toa koti lako hapo! Mzee atarudi akute umemjazia kiti."

Lyle akalitoa koti, akakipangusa kiti kwa kiganja.

Timu ikafungwa haraka. Yule kijana mrusha mpira aliangushwa, akainuka, akaangushwa tena.

"Arvid anakosa mambo," Lyle akanung'unika.

"Foleni gani hiyo?" Verna akaanza kuinuka. "Ngoja nimfuate, isije ikawa kaanguka."

"Hapana, mama. Kaa." Britta akapiga simu. "Uko wapi?"

"Maegesho, ndani ya gari. Nasikiliza redio. Ulisema kweli, hana wa kumkinga."

"Panda huku."

"Mimi nilidhani hunitaki..."

"Wendell, panda. Tafadhali, mpenzi."

Hajawahi kumwita hivyo. Wendell alifika akihema, jezi mpya ya kijani bado ina mikunjo ya dukani. Kabla hajakaa, Lyle akanyoosha mkono.

"Samahani kijana, hapo pana mtu. Ni pa Arvid."

Wendell akamgeukia Britta.

"Arvid hayupo foleni," Britta akasema. Sauti ilitoka kavu. "Baba alikufa. Februari. Hiki ni kiti chake, na mimi sikukilipia."

Verna akatoa sauti ndogo. Uso wa Wendell ukabadilika. Florida yote ilipita pale, mzaha mmoja mmoja.

"Britta. Yale maneno yangu yote..."

"Hukujua. Sikukwambia." Mkono wa Verna ulikuwa umemshika begani, mzito, na Britta aliusikia uzito wake. Na ubaridi wa kiti akausikia. "Kaa sasa, unawaziba watu."

Wendell akakaa ukingoni, kama mgeni msibani. Kule chini kijana aliangushwa tena. Watu kadhaa wakaanza kukusanya mablanketi yao. Lyle alikohoa, akafuta pua, kisha akampa Wendell mkono.

"Lyle," akasema. "Sisi safu hizi hatuondoki katikati ya mchezo, hata tukifungwa vibaya. Nakwambia mapema."

Wendell akamtazama Britta kwanza.

"Nitakaa," akasema.